Stelingi na Tamari: Namna Tunavyotazama Filamu za Kisasi

Filamu za kisasi zina hadithi moja iliyovalishwa nguo nyingi. Yupo mtu mpole mwenye mke na mtoto. Wanakuja watu wabaya, wanaua, wanabaka au wanateka. Polisi wanachelewa, au wamekula rushwa, au wanasema ushahidi hautoshi. Basi yule mtu mpole anafungua sanduku la zamani, anatoa bunduki, na kuanzia hapo kazi yetu ni kuhesabu maiti. Adui mkubwa anapoanguka, watazamaji wanapiga makofi. Nasi tumo humohumo, wachungaji kwa washarika. Hatuandiki haya kama watu waliosimama nje ya banda wakichungulia dirishani.

Mara nyingi kanisani swali hili hukatwa kwa neno moja, kwamba filamu hizi ni za kidunia na vijana waziache. Jibu hilo halitusaidii sana, kwa sababu linaruka jambo la maana. Filamu ya kisasi huanza kwa kusema kweli, na baadaye ndipo husema uongo. Asiyeisikia ile kweli hawezi kuutambua ule uongo, wala hawezi kumsaidia kijana anayeondoka bandani usiku akiwa amejaa ile hadithi.

Mapenzi yetu kwa hadithi hizi hayakuja na simu za mkononi. Wazee wetu wa Tanga walizitazama filamu za Kihindi katika majumba ya sinema ya mjini, na wengi wanaikumbuka Sholay, iliyotoka mwaka 1975. Zikaja kanda za video na vibanda tunavyoviita banda umiza, akaja Rambo, akaja Arnold Schwarzenegger katika Commando ya mwaka 1985. Wakaja na watafsiri wa muvi, kuanzia enzi za Lufufu hadi hawa wa leo. Sauti zao hazitafsiri maneno tu, bali hutuweka upande mmoja mapema: huyu ndiye stelingi, yule ndiye adui. Na kila mtoto wa Ngamiani anajua kwamba stelingi hafi.

Hata kabla ya hapo tulikuwa na stelingi wetu. Anayetembelea mapango ya Amboni, kilomita chache kaskazini mwa mji, husimuliwa habari za Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi, ambao inasemekana walijificha humo katika miaka ya 1950. Serikali ya kikoloni iliwaita majambazi. Katika masimulizi ya wenyeji, walikuwa watu waliowanyang'anya matajiri na kuwagawia maskini. Tusibishane hapa ni upande upi ulisema kweli. Tutazame tu mahali hadithi ile ilipoota: katika nchi ya mashamba ya mkonge, ambako mwenye shamba na mwenye mahakama walikuwa watu wa upande mmoja. Mtu asiye na mahali pa kupeleka shauri lake humngojea stelingi, na asipomwona humtunga.

Hiyo ndiyo kweli ya filamu za kisasi. Zinasema kwamba ubaya uliotendwa ni ubaya kweli, na kwamba aliyeumizwa hapaswi kuambiwa anyamaze. Biblia nayo inasema hivyo. Katika Mwanzo 4 damu ya Habili inalia kutoka ardhini, na Mungu anaisikia. Katika Luka 18 mjane anamsumbua kadhi dhalimu mpaka apewe haki yake, na Bwana wetu anamtumia kama mfano wa kuomba bila kukata tamaa. Zaburi ya 94 na ya 109 zimejaa maombi makali ambayo wengi wetu tungeona aya kuyasoma kwa sauti mbele ya usharika. Wahenga wa pwani nao walijua: mwenye kovu usidhani amepoa.

Na wenye makovu wanakaa nasi kwenye mabenchi. Yupo mama ambaye binti yake aliharibiwa na mtu wa ukoo, na wakubwa wakaamua yamalizwe nyumbani. Yupo mvuvi aliyeibiwa mashine ya boti, akaenda kuulizia mpaka akachoka nauli. Yupo mjane aliyenyang'anywa shamba la mnazi wiki mbili baada ya arobaini. Mtu kama huyo akiketi mbele ya filamu ambayo ndani yake mnyonge anainuka na wabaya wanatetemeka, anapata kwa saa mbili kitu alichonyimwa kwa miaka. Tusimcheke. Makofi yake ni maombi yaliyokosa anwani.

Biblia ina hadithi yake ya kisasi, na mtengeneza filamu asingehitaji kuongeza kitu. Ni 2 Samweli 13. Amnoni, mwana wa mfalme, anajifanya mgonjwa, anamwita dada yake wa kwa baba, Tamari, aje amwandalie chakula, na anambaka. Kisha anamchukia na kumfukuza, mlango unakomewa nyuma yake. Mfalme Daudi anapata habari na anakasirika sana, lakini hakuna tendo lolote linaloandikwa baada ya hasira ile. Polisi wamelala, tungesema. Absalomu, ndugu yake Tamari kwa mama mmoja, hasemi neno baya wala zuri. Anasubiri miaka miwili mizima. Halafu anafanya karamu ya kukata manyoya ya kondoo, anawaalika wana wa mfalme, na Amnoni akiwa amechangamka kwa mvinyo, Absalomu anawapa vijana wake ishara.

Ingekuwa filamu, ingeishia hapo na watu wangepiga makofi. Lakini Neno la Mungu halizimi taa wakati huo. Absalomu anakimbilia Geshuri miaka mitatu. Anarudi akiwa na uchungu uleule, sasa umemgeukia baba yake. Anakaa langoni na kuwaambia wenye mashauri kwamba kwa mfalme hakuna wa kuwasikiliza, na maneno yake yana ukweli wa kutosha kuwavuta watu. Uasi unatokea, maelfu wanakufa, naye mwenyewe ananing'inia kwenye mwaloni mpaka Yoabu anamchoma. Mzee Daudi anapanda chumba cha juu ya lango kumlilia.

Na Tamari je? Mstari wa 20 unamwacha katika nyumba ya kaka yake, mkiwa. Baada ya hapo anatajwa tu kama sababu ya chuki na ya mauaji. Hatusikii tena sauti yake. Hatuambiwi kwamba siku Amnoni alipouawa machozi yake yalikauka. Sura inayofuata inataja binti ya Absalomu aliyepewa jina hilohilo la Tamari. Jina limebaki ukooni, lakini mwenyewe hatumwoni tena.

Tukizirudia filamu zetu tukiwa na swali hili mkononi, tutamkuta Tamari karibu kila mahali. Katika Sholay, mzee Thakur, aliyekuwa afisa wa polisi, ameuliwa familia yake na kukatwa mikono yote miwili na jambazi Gabbar Singh. Anawakodi wahalifu wawili, Jai na Veeru, wamletee jambazi huyo akiwa hai. Nyumbani kwake yupo mkwe wake Radha, mjane kijana mwenye nguo nyeupe, ambaye amebaki peke yake na mzee huyo. Jai anampenda, na kwa muda mfupi maisha yanaonekana kumrudia. Lakini Jai anakufa katika vita ile ya kisasi, na Radha anakuwa kama aliyefiwa mara ya pili. Watu wanamkumbuka Gabbar kwa maneno yake, wanamkumbuka Amitabh Bachchan kwa utulivu wake. Nani anayeuliza Radha aliishije baadaye?

Filamu ya Death Wish ya mwaka 1974, ambamo Charles Bronson ni mchoraji wa ramani za majengo aitwaye Paul Kersey, inaonyesha jambo hili wazi zaidi. Wahuni wanaingia nyumbani kwake New York, wanamuua mke wake na kumbaka binti yake. Binti anabaki hai lakini amepoteza usemi, anapelekwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili, na huko filamu inamwacha. Baba anachukua bastola na kutembea usiku akiwaua vibaka wanaomjia kumwibia. Wengi wetu tumeitazama bila kugundua jambo moja: wale watatu waliomwua mke wake hawapati kamwe. Filamu nzima ni ya mtu anayelipiza kisasi kwa watu wengine. Mwishoni polisi wanamhamishia Chicago badala ya kumshtaki, naye anatabasamu akielekeza kidole chake kama bastola.

Mwandishi wa kitabu kilichozaa filamu hiyo, Brian Garfield, alikitoa mwaka 1972. Hakupendezwa kuona muuaji wake amegeuzwa shujaa, na mwaka 1975 akaandika kitabu cha pili, Death Sentence, kupinga fundisho hilo. Jamaa huyu hakuwa akihubiri madhabahuni. Aliona tu, kama mtu aliyeitunga hadithi mwenyewe, kwamba watu waliondoka ukumbini wakiwa wamejifunza kinyume.

Kwa nini hatugundui? Hapa ndipo tunafikia uongo wenyewe. Filamu ya kisasi hutukopesha jicho la Mungu. Kamera ilikuwepo chumbani wakati wa kosa. Tumeiona sura ya muuaji, tumesikia kicheko chake, na mtafsiri ametuambia kwamba ndiye adui. Hakuna shaka hata kidogo. Hakimu anapodai ushahidi tunamwona mpumbavu, kwa sababu sisi tumeshaona. Ndiyo maana tunavumilia hata mateso. Katika Taken ya mwaka 2008, baba anayemtafuta binti yake Paris anamtesa mtu kwa umeme, na akishapata jina alilolitaka anaondoka na kuuacha umeme ukiendelea. Baadaye anampiga risasi mkononi mke wa rafiki yake, mwanamke asiye na kosa, ili tu mumewe aseme. Watazamaji hawashtuki. Tumeazimwa jicho lisilokosea, na mwenye jicho lisilokosea hana haja ya breki.

Tatizo ni kwamba taa zikiwaka tunaondoka nalo barabarani. Mtu anapiga kelele, "Mwizi!" Kijana anakimbia. Wanaomkimbiza wanakuwa watano, wanakuwa hamsini. Anayeokota jiwe hakuona kilichoibwa, anayeleta tairi hajui jina la aliyeibiwa, na anayerekodi kwa simu amefika sasa hivi. Lakini wote wanajisikia kana kwamba wameona filamu tangu mwanzo. Kesho yake gazeti litaandika kwamba ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Angalieni jinsi maneno hayo yasivyo na jina la mtu hata mmoja. Siku za mwizi ni arobaini, tunasema, kana kwamba ni sisi tuliozihesabu.

Wachungaji wa ukanda huu, mjini Tanga, Muheza, Korogwe hata Pangani, tunaujua msiba wa aina hii. Jeneza halifunguliwi. Mama amejifunika khanga usoni, na kinachomwinamisha ni aibu pamoja na huzuni, maana hata haki ya kumlilia mwanawe anaona hana. Waombolezaji ni wachache na hawaulizi amekufaje. Pengine aliiba kweli. Pengine alikimbia kwa sababu aliona watu wanakimbia. Hakuna atakayejua, kwa kuwa aliyepaswa kuulizwa amekufa, na ushahidi umezikwa pamoja naye. Na pengine miongoni mwa wanaoimba pambio kaburini yupo kijana wetu aliyerusha jiwe moja tu. Yeye naye ana kovu sasa, na hana wa kumwambia. Aliyeibiwa simu naye hajarudishiwa simu. Tamari amesahaulika tena.

Torati ilijua hatari hii mapema. Hesabu 35 na Kumbukumbu la Torati 19 zinaamuru iwepo miji ya makimbilio, ili aliyeua bila kukusudia asifikiwe na mwenye kulipa kisasi cha damu kabla ya kusimama mbele ya mkutano na kuhukumiwa. Tena shahidi mmoja peke yake hatoshi kumwua mtu. Sheria hizo hazimlindi mhalifu kwa kumpenda kuliko aliyeumizwa. Zinakiri tu kwamba binadamu hana jicho la Mungu, na kwa hiyo lazima aende taratibu, aulize, asikilize upande wa pili. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, inafuata njia hiyohiyo inapokataza mtuhumiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa.

Lakini tusije tukahubiri utii wa sheria kwa wepesi. Kuna habari moja ya Sholay inayopaswa kutufikirisha. Mwisho wa kwanza uliopigwa picha ulimwonyesha Thakur akimwua Gabbar kwa miguu yake. Wakaguzi wa filamu wa serikali ya India waliukataa, na ukapigwa mwisho mwingine ambamo polisi wanafika dakika ya mwisho na kumkumbusha mzee yule sheria. Fundisho zuri. Ila mwaka ule ule wa 1975 India ilikuwa imetangaziwa hali ya hatari, na serikali hiyohiyo ilikuwa ikiwafunga wapinzani wake bila mashtaka. Utii wa sheria ukihubiriwa na asiyetenda haki haumtulizi mtu. Ni Daudi anayekasirika na kukaa kitini. Na pale Daudi anapokaa tu, Absalomu anakuwa njiani.

Kwa sababu hiyo Warumi 12 na Warumi 13 lazima zisomwe kwa pamoja. Sura ya 12 inatuambia kisasi ni mali ya Mungu. Sura ya 13 haichelewi kutuonyesha kwamba Mungu ameweka mamlaka ya kumzuia mtenda mabaya hapahapa duniani. Martin Luther, alipoandika mwaka 1523 kuhusu mamlaka ya dunia, alitofautisha jambo ambalo bado linatufaa. Mkristo kwa ajili yake mwenyewe huvumilia dhuluma na hajilipizii. Kwa ajili ya jirani yake hutafuta haki, na hapaswi kukaa kimya jirani akidhulumiwa. Anayemwambia mama wa binti aliyebakwa "mwachie Mungu" kisha akaenda zake nyumbani ameishika nusu ya fundisho na kuitupa nusu iliyokuwa na kazi.

Kazi hiyo haina muziki wala mlio wa bunduki, ndiyo maana hakuna anayeitengenezea filamu. Ni kumsindikiza binti kituo cha polisi na kuuliza Dawati la Jinsia na Watoto lilipo. Ni kuhakikisha amepata fomu ya PF3 na kufika hospitali bila kucheleweshwa. Ni kwenda na mjane kwa wasaidizi wa kisheria, ambao tangu mwaka 2017 wanatambuliwa kwa sheria, na kukaa naye kwenye benchi la mahakama kesi inapoahirishwa mara ya nne. Ni kusimama katika kikao cha ukoo na kusema kwamba ubakaji haumalizwi nyumbani. Na barabarani, ni kupaza sauti ile moja inayosema, "Apelekwe polisi!" Sheria inamruhusu raia kumkamata mhalifu, na inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Haimruhusu kumpiga.

Anayepaza sauti hiyo anajiweka hatarini, na Mkristo anajua kwa nini inafaa. Bwana wetu alisimama mahali pa yule anayepigiwa kelele. Umati wa Yerusalemu ulikuwa na hakika, na ukamchagua Baraba. Katika Imani tunakiri kwamba atakayewahukumu wote ni yuleyule ambaye umati ulimhukumu. Yeye peke yake ndiye mwenye lile jicho ambalo filamu hutukopesha. Na jicho lake halimwangalii mkosaji tu mpaka aanguke. Alimwona Petro aliyemkana, alimwona mnyang'anyi aliyekuwa msalabani pembeni yake, na alimwona mama yake amesimama pale chini, akampatia nyumba ya kukaa. Hata katika uchungu wa mauti hakumsahau aliyeumizwa.

Basi hatuwaambii vijana wetu wazichome filamu hizi. Tutazame nao, katika umoja wa vijana au sebuleni, na watu wakishapiga makofi tuulize maswali mawili kabla hawajainuka. Nje ya filamu hii, nani angekuwa ameona? Na Tamari yuko wapi sasa? Swali la kwanza litamsaidia kijana siku atakapokutana na umati na jiwe likiwa karibu na mguu wake. La pili ni letu sote, na jibu lake si la kusema tu. Anayeitwa Tamari anaishi mitaa miwili kutoka kanisani, na kesi yake inatajwa wiki ijayo.